Maswali ya Wasomaji: Chemsha bongo imekwama, nifanyeje?

Barua nyingi za safari hii zimehusu fumbo la maneno la gazetini, lile la visanduku vyeupe na vyeusi. Tumezijibu tano.

Huwa najaza maneno matatu au manne, kisha basi. Kona nzima inabaki tupu hadi jioni. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

Wengi wanaokwama huanza na namba 1 Kulia (Kulia ni maneno ya kulala, Chini ni ya kusimama) na kushuka nayo kwa utaratibu, wakikikodolea macho kila kidokezo mpaka kitoe jibu. Pitia kwanza vidokezo vyote, vya Kulia na vya Chini, ukijaza yale tu usiyo na shaka nayo hata chembe. Ukipata neno moja la hakika, usihame hapo. Shughulikia maneno yanayolikata, maana tayari yana herufi mkononi.

Tuchukue kona moja ya juu kushoto; nambari ya kwenye mabano ni idadi ya herufi. 1 Kulia: Mtoto wa ng'ombe (5). 1 Chini: Malipo ya msafiri (5). 2 Chini, inayoanzia kisanduku cha tatu cha 1 Kulia: Fedha za kutanguliza ili bidhaa isiuzwe kwa mwingine (7). 3 Chini, inayoanzia kisanduku cha mwisho cha 1 Kulia: Heshima (5). 4 Kulia, iliyo mstari wa tatu: Hutenganisha chumba na chumba (5).

Mtego uko kwenye Heshima. Staha, hadhi na adabu zote zina herufi tano. Ukiandika STAHA kwa wino, umeiharibu kona. Lakini tazama: herufi ya kwanza ya 3 Chini ndiyo ya mwisho ya 1 Kulia, na maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu. S haiwezi kukaa pale, wala H. Ni ADABU, na umelijua hilo hata kabla ya kumfikiria mtoto wa ng'ombe. Malipo ya msafiri ni NAULI, hivyo 1 Kulia inaanza na N na kuishia na A: NDAMA. 4 Kulia inaanza na U ya nauli na kumalizika na A ya adabu, U _ _ _ A, nayo ni UKUTA. U ya katikati ya ukuta inaingia kwenye 2 Chini, unapata A _ U _ _ _ _. Hata kama hulijui neno ARUBUNI, sasa unajua ufungue kamusi ukurasa gani.

Sheria hiyo ya irabu ndiyo silaha kubwa kuliko zote katika mafumbo ya Kiswahili, na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaoitumia. Popote neno moja linapoanzia kwenye kisanduku cha mwisho cha jingine, herufi ya kwanza ni a, e, i, o au u. Q na X hazimo katika Kiswahili sanifu. C haisimami bila H. Na H ikiwa herufi ya pili ya neno, ya kwanza kwa kawaida ni c, d, g, k, s, t, m au irabu.

Baada ya herufi, soma sarufi ya kidokezo. Kidokezo kikiwa cha wingi, jibu nalo ni la wingi, kwa hiyo jaribu WA, MI, VI au MA mwanzoni kwa mkono mwepesi. "Toa uhai" ni UA, ila "kutoa uhai" ni KUUA. Ukiona "kinyume cha" na kitenzi, mara nyingi visanduku viwili vya mwisho ni UA: funga, fungua, anika, anua, pakia, pakua, tega, tegua. Penye O kwenye mzizi huwa OA, kama chomeka na chomoa. Kuwa makini na "wingi wa" kwa nomino za U, kwa kuwa watungaji wanazipenda mno: ulimi ni NDIMI, uso ni NYUSO, ukuta ni KUTA. Anayeandika "maulimi" atahangaika na kona hiyo siku nzima.

Na tumia penseli. Neno la wino lisilo sahihi huharibu manne au matano yanayolikata, na jicho huogopa kulitilia shaka kwa sababu limeshaandikwa likapendeza. Kona ikigoma kabisa, shuku kwanza lile neno ulilojaza kwa haraka kuliko yote.

Nikimuomba mtu anisaidie, majibu anayonipa hayaingii. Niulize vipi? – Msomaji, Kisumu

Mpe mambo manne. Kidokezo chenyewe neno kwa neno, bila kukifupisha. Idadi ya visanduku. Herufi ulizonazo na mahali zilipo, kwa mfano "A, nafasi, U, kisha nafasi nne". Na hili la nne ndilo wengi husahau: mwambie ni herufi zipi una hakika nazo na zipi zinatoka kwenye neno unalolishuku. Msaidizi mzuri akiona herufi haiwezekani, atakwambia neno bovu ni lile linalokata, wala si hili unalouliza.

Kama hutaki kupokonywa raha, mwombe kwanza aseme ni neno la aina gani, jina au kitendo, au akupe sentensi yenye neno hilo bila kulitaja. Paa, kaa, panda na kata huwakwamisha watu kwa sababu tu wameshika maana moja. "Hukuna nazi" ina jibu la herufi tano, na anayefikiria mfugo tu hatamwona MBUZI.

Kamusi ni msaada halali kabisa. Kumbuka tu kwamba vitenzi hupangwa bila KU na nomino kwa umoja. Ukiwa na VI mwanzoni, tafuta chini ya KI; ukiwa na WA au MI, tafuta chini ya M.

Nafanya mafumbo ya gazeti la Kenya nikiwa Tanzania. Mbona baadhi ya majibu siyajui kabisa? Na ng' huchukua visanduku vingapi? – Msomaji, Mwanza

Idadi ya visanduku itakuonyesha mtunzi anatoka upande gani. Malipo ya shule: visanduku vitatu ni ADA, vinne ni KARO. Chakula cha unga wa mahindi: vitano ni UGALI, vinne ni SIMA. Gari la abiria: sita ni MATATU, nane ni DALADALA. Choroko za Tanzania ni NDENGU huko Kenya. Watungaji wa Kenya pia hupenda msamiati wa vitabu vya shule, hivyo jizoeshe thumuni (sehemu moja ya nane), sudusi (moja ya sita), sonara, mhunzi, saisi (mtunza farasi), topasi (msafisha vyoo), tita la kuni, thurea (kundi) la nyota. Ukiweka orodha hiyo kwenye daftari, majina ya kazi upande mmoja na ya makundi upande mwingine, utaona yanavyorudi.

Uliuliza pia kuhusu ng'. Katika mafumbo mengi ritifaa, yaani alama ya ('), haipewi kisanduku, kwa hiyo ng'ombe ni sita. CH na SH huchukua viwili viwili.

Fumbo la Kiingereza la "cryptic" halina maana yoyote kwangu. Vidokezo vinasema nini? – Msomaji, Nairobi

Usikisome kidokezo kama sentensi. Katika mtindo huo wa Uingereza, karibu kila kidokezo kina vipande viwili vinavyoelekea jibu lile lile: maana ya moja kwa moja, ambayo iko mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, na mchezo wa herufi. Mfano: "Heart broken for our planet (5)". Maana ni "our planet". "Broken" inakuagiza uvunje herufi za "heart" na kuzipanga upya. Jibu ni EARTH. Maneno ya kuvunjika, kuchanganyika, kulewa au wazimu huashiria kupanga herufi upya. Anza kwa kutafuta hayo, kisha hesabu herufi za neno la jirani. Zikilingana na nambari ya kwenye mabano, umeshapata pa kuanzia.

Niko Marekani. Fumbo la The New York Times nalimaliza Jumatatu, ikifika Alhamisi sioni ndani. Kwa nini? – Msomaji, Ohio

Limepangwa hivyo makusudi. Jumatatu ni rahisi kuliko zote, Jumamosi ndiyo ngumu zaidi. La Jumapili ni kubwa, visanduku 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, lakini ugumu wake ni wa katikati ya wiki. Alhamisi kwa kawaida huwa na hila, na mojawapo ni kisanduku kimoja kubeba herufi kadhaa. Neno la hakika likikataa kuenea, na linalolikata nalo likikataa mahali pale pale, jaribu kubana herufi mbili au tatu hapo. Kidokezo chenye alama ya kuuliza mwishoni kina mchezo wa maneno, na chenye kifupisho hutaka jibu la kifupisho. Faida yako ni kwamba katika mtindo wa Marekani kila kisanduku hukatwa na maneno mawili, hivyo neno usilolijua linaweza kujaa lenyewe. Baki Jumatatu na Jumanne hadi uzimalize bila msaada, ndipo upande Jumatano.