Shangazi, mume wangu hataki nifuge kuku nyuma ya nyumba

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Dar es Salaam, nina duka la vitenge Kariakoo. Mume wangu alistaafu mwaka juzi, anashinda nyumbani. Huko uani tuna eneo la mita kumi kwa saba, halina kazi zaidi ya kamba za nguo na chemba ya choo. Tumevunja kikoba nikapata milioni mbili, nataka kufuga kuku wa mayai 200. Mume hataki. Anasingizia kifua, eti vumbi na harufu, wakati hata hiyo dawa yake ya kuvuta iliisha tangu mwezi uliopita na hajanunua nyingine. Mama yake, aliyetoka Singida kuja kukaa nasi, naye kauliza mbele ya watoto, "Hao kuku atawalea nani?" Nikajua wameshapanga. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku, nahangaikia familia hii, halafu napigwa vita na watu wa ndani. Mume kila siku ananirudishia habari za kware tuliowahi kufuga, mambo ya zamani. Nimeshatanguliza laki tatu za vifaranga, wanatoka mwisho wa mwezi. Nifuge au nisifuge? Mama K.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu. Kutoka alfajiri na kurudi usiku kwa foleni za Dar si jambo dogo, na mwanamke anayesaka riziki namna hiyo anastahili heshima nyumbani kwake. Hapo niko na wewe.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia namwonea huruma mumeo.

Unaniuliza ufuge au usifuge, na papo hapo unasema laki tatu zimeshatoka. Kwa hiyo ulishaamua. Ulichonifuata ni muhuri, ukauonyeshe nyumbani useme hata Shangazi kakubali. Muhuri huo sina.

Tuanze na mama mkwe wako. "Hao kuku atawalea nani?" Wewe umesikia fitina, mimi nimesikia mtu anayewajua kuku. Mama wa Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji ndio wanaojaza matenga kwenye masoko ya Dar, akiuliza neno juu ya kuku, unavuta kigoda unakaa. Penye wazee haliharibiki jambo. Na swali lake hujalijibu popote. Kati ya kutoka kwako na kurudi kwako ni saa kumi na tano. Nani atabadilisha maji? Nani atageuza maranda? Nani ataokota mayai kabla kuku hawajazoea kuyadonoa? Wewe na mimi tunamjua: ni huyo anayeshinda nyumbani, ambaye hukumtaka ushauri.

Kifaranga wa siku moja hana mama. Wiki tatu hadi nne za mwanzo joto lake linatoka kwako. Unaamka usiku wa manane na tochi kuwaangalia walivyolala. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakijibanza ukutani midomo wazi, wanaungua. Umeme ukikatika saa nane, mtu awashe jiko la mkaa na akae macho, kwa sababu banda lisipopitisha hewa jiko hilohilo litawaua. Ukitoka hapo bado dakika chache tu uelekee stendi. Utaweza hivyo kwa siku ngapi?

Hili nalisema kwa uchungu. Nilipokuwa naishi Morogoro nilikuwa na kuku 40 wa kienyeji. Nikasafiri msibani wiki mbili, siku ya chanjo ikapita. Niliporudi nilimkuta tetea wangu mkubwa amesimama pembeni ya banda, shingo imepinda, kichwa kimegeukia mgongoni, kinyesi cha kijani kimemganda mkiani. Siku ya nne nilibaki na kuku watatu. Kideri hakina dawa. Kina chanjo tu, tone moja jichoni, na linarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nalijua hilo, nikasahau mara moja.

Sasa tuchukue kalamu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kuku wa mayai akishaanza kutaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 200 ni kilo 24. Mfuko wa kilo 50 unakwisha siku ya pili. Na kabla hujaliona yai la kwanza, kwenye wiki ya 18 au ya 20, watakuwa wameshamaliza mifuko 25 hadi 30. Chukua bei ya mfuko huko kwenu, zidisha mara 30, uone hizo milioni mbili zinabaki na nini. Hapo hujajenga banda, hujanunua chanjo ya gumboro wala ya ndui. Nafasi nayo: kuku watano kwa mita moja ya mraba, hivyo banda litakula mita 40 katika 70 ulizonazo. Nguo za watoto zitaanikwa wapi? Chemba ikijaa, bomba la gari la maji taka lipite juu ya kuku?

Halafu kware. Uliandika "mambo ya zamani" ukapita mbio. Miaka ile ya 2014 na 2015 naikumbuka vizuri. Watu walitangaziwa kwamba yai la kware linatibu kisukari, presha, karibu kila kitu, bei ikapaa, kila mtu akanunua vizimba. Muda si mrefu wauzaji wakawazidi walaji, bei ikaporomoka, vizimba vikageuzwa kuni. Hukuniambia ni nani alilipia vizimba vyenu. Hukuniambia ni nani aliyekuwa akiwalisha wewe ukiwa dukani. Ingekuwa ni wewe, ungeandika ukurasa mzima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mumeo ana haki ya kushtuka.

Lakini neno lililonikosesha usingizi ni "anasingizia". Mwanangu, mtu mwenye dawa ya kuvuta hasingizii kifua. Vumbi la maranda, manyoya, na ile hewa kali ya amonia inayopanda kwenye kinyesi kilicholowa humtoa machozi hata mwenye mapafu mazima. Wewe unataka kuviweka vyote nyuma ya dirisha la mtu mwenye pumu, kisha yeye ndiye ashike fagio. Na dawa imekwisha tangu mwezi uliopita, kwenye nyumba yenye milioni mbili taslimu. Hukujiuliza kwa nini hajanunua? Mwanamume aliyezoea kuleta, akistaafu, kuomba hela ya dawa kwa mkewe ni mtihani mkubwa. Anakaa na kifua chake kimya, anakuona unapanga kununua vifaranga 200.

Hapa ndipo ndoa za siku hizi zinaponiumiza. Nyumba moja, kampuni mbili. Mke ana kikoba chake, mume ana chake, na kila mmoja anaufahamu mradi wa mwenzake siku fundi anaposhusha matofali. Anayeuliza anaitwa mpinga maendeleo. Mama zetu hawakuwa na elimu ya biashara tuliyonayo, lakini mama alikuwa hauzi hata jogoo bila baba kujua, na baba hakugusa mbuzi bila kumwambia mama. Hela ilikuwa kidogo, na kila mtu alijua iko wapi. Leo hela ni nyingi kuliko ile, na tunaulizana kwa ugomvi. Wanawake wenzangu tumepigania kuwa na fedha yetu, na nilikuwa mmoja wao, ila hatukuipigania ili tuwafiche walio ndani.

Basi uamuzi wangu ni huu. Kuku 200, hapana. Mpigie muuza vifaranga leo, kabla hajawatenga, umwombe awahamishie kwa mteja mwingine akurudishie chako. Akikurudishia nusu, pokea. Akikataa kabisa, laki tatu ni nafuu kuliko kilichokuwa kinakuja.

Kisha mwite mumeo na mama yake, watoto wakiwa wamelala, uwaombe radhi kwa hiyo laki tatu. Waambie unataka matetea kumi tu, wa kienyeji au chotara, waliokwisha kuvuka miezi mitatu ili pasiwe na mambo ya taa usiku. Jogoo usimlete. Matetea hutaga bila yeye, na majirani watalala. Mama mkwe awe msimamizi, kazi anaijua na itamrudishia uhai, kwa sababu mzee aliyehamishwa Singida akae mjini kutazama ukuta anachoka upesi. Mumeo aonyeshe mahali pa kujenga, mwisho kabisa wa ua, upande ambao upepo hauingii madirishani. Kufagia banda ni kazi yako kila Jumapili, na mwanao mkubwa siku nyingine. Mume asiingie na fagio hata siku moja. Kabla ya fundi, pita serikali ya mtaa uulize utaratibu wao, na umtafute afisa mifugo wa kata akupe ratiba ya chanjo. Iandike ukutani jikoni, usiamini kichwa chako.

Na mume akisema hata hao kumi kifua chake hakiwawezi, jibu ni hapana, na huo uani uendelee kuanika nguo.

Hayo yatasubiri mwisho wa wiki. Dawa haisubiri. Usiku wa leo lichukue lile kopo lake tupu ulitie kwenye mkoba wako, kesho ukitoka dukani umwonyeshe mfamasia, asome jina mwenyewe asije akakupa nyingine.