Ukitaka kupima huduma za afya, anzia duka la dawa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo aliniandikia: "Shikamoo mama. Niko field Muheza, nimepewa kazi ya kuandika kama huduma za afya zinaridhisha. Ripoti za MTUHA, yaani takwimu zinazotoka kwenye vitabu vya vituo vya afya, ninazo zote. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Ziweke kwanza hizo ripoti, uende duka la dawa.

Najua wengi mnaonisoma mnaitaka kazi hii, na wengine mko kwenye kamati za vituo kama nilivyokuwa mimi. Nilipostaafu ualimu nilichaguliwa kuingia kamati ya usimamizi ya zahanati moja hapa Tanga. Kila kikao tulisomewa taarifa: wagonjwa wa nje, asilimia ya chanjo, dawa muhimu zipo. Tukishapiga makofi, kila mtu anakwenda zake. Lakini nikirudi nyumbani, majirani wananipitia barazani na vikaratasi mkononi: "Mwalimu, nimeambiwa nikanunue."

Ng'ambo ya barabara, mkabala na zahanati, kuna duka la dawa. Nilimwomba mwenye duka anitunzie vikaratasi vinavyotoka kwetu, ila majina ayakate kwanza. Akawa anavitia kwenye boksi la viatu chini ya kaunta. Mwisho wa mwezi nilivimwaga mkekani nikavipanga kama madaftari ya mtihani: amoksilini ya maji ya watoto fungu lake, dawa za presha fungu lake, glovu na nyuzi za kushonea fungu lake. La watoto lilizidi yote. Kikaratasi kimoja kilikuwa na bei iliyoandikwa kwa penseli, ikakatwa, chini yake ikaandikwa nusu yake. Mama yule alinunua nusu dozi. Kwenye kitabu cha zahanati mtoto wake amehesabiwa kuwa ametibiwa.

Nikavipeleka kikaoni. Mkubwa mmoja alinikata kauli sijamaliza, akasema wastaafu tunatafuta umaarufu, tunakichafua kituo. Wenzangu wakainamisha vichwa. Neno lile linaniuma mpaka leo, maana ushahidi ulikuwa mezani na hakuna aliyenyoosha hata mkono kuutazama. Alipohamishwa akaja mganga mfawidhi mwingine, binti mdogo, akanifuata mwenyewe nyumbani kuliulizia boksi. Siku hizi orodha ya dawa zilizonunuliwa nje inasomwa kabla ya taarifa ya stoo, na maombi yanayokwenda Bohari ya Dawa yanaifuata orodha hiyo. Jambo hilo nililianzisha mimi, na najivunia.

Wakubwa wa dunia nao walikwama hapohapo. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilizipanga nchi 191 kwa utendaji wa mifumo yao ya afya. Ufaransa ikawa ya 1. Marekani, pamoja na fedha zote inazomwaga, ya 37. Sisi Tanzania ya 156. Vigezo vyenyewe vilikuwa vizuri: afya ya watu, namna mgonjwa anavyopokelewa, na mzigo wa gharama unavyogawanywa kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Ila nchi nyingi hazikuwa na takwimu kamili, kwa hiyo zikakadiriwa. Na habari ya mapokezi ya mgonjwa waliulizwa wajuzi wa mambo katika nchi 35 tu. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa. Shirika halikuirudia tena orodha ile.

Sasa tazameni kazi iliyofanywa vizuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015-16 ulikuwa umetoa 556. Ni hatua kubwa, nami naishukuru. Lakini namba hiyo haikutoka kwenye vitabu vya leba. Wadadisi waligonga milango, wakawauliza wanawake habari za ndugu zao wa tumbo moja: nani yu hai, nani amefariki, na kama alifariki akiwa mjamzito, akijifungua au baada ya kujifungua. Walitoka kituoni, ndiyo maana wakampata hata yule aliyefia nyumbani.

Kwa hiyo tokeni kituoni. Nawaambia vijana kila siku: tokeni! Mvuvi wa Sahare aliyejitibu kwa panadol kwa kuogopa gharama hana mstari kwenye kitabu chochote. Mama aliyegeuzwa mlangoni kwa kukosa hela ya kadi hana mstari. Ukihesabu waliohudumiwa peke yao, utamsifu mtoa huduma na kumsahau aliyekosa huduma, na huyo ndiye uliyetumwa kumtafuta. Hela za dawa ni za walipa kodi, na aliyekosa dawa naye ni mlipa kodi, analipa kwenye sukari na sabuni. Mwogopeni Mungu mnapoandika "inaridhisha".

Wewe wa Muheza, pata kwanza kibali cha mganga mkuu wa wilaya, ujitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha uende duka la dawa na majumbani. Uliza nani aliumwa mwezi uliopita, alikwenda wapi, alitoa shilingi ngapi na alizipata wapi. La nusu dozi muulize mama akiwa peke yake, kwani mbele ya mume atakwambia alinunua yote.