Magari juu ya ukoka: ushauri kwa wakazi wa mitaa ya Dodoma

Anayeishi Ilazo, Kisasa au Area D anajua kwamba nyasi za kando ya barabara zetu hazioti kirahisi. Mvua za Dodoma huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600, hivyo ukoka uliosagwa na matairi mwezi Mei hukaa zaidi ya nusu mwaka bila tone la kuufufua. Uzito wa gari hushindilia udongo hadi maji yashindwe kupenya, na mvua ya kwanza ikinyesha hutiririka juu kwa juu, ikichimba vikorongo na kujaza mchanga mtaroni. Kabla ya hapo, kiangazi chote, ni vumbi sebuleni.

Katika mtaa wetu wengi walitaka mawe yapangwe mara moja kuzuia magari yasiegeshwe juu ya nyasi. Nilishauri tuanze kwa kuchunguza ni nani hasa anayeegesha pale. Pamoja na mwenyekiti wa mtaa tukabaini makundi mawili: wenyeji wenye gari la pili lisiloenea uani, na wageni wa harusi, misiba na ibada. Kwa wageni, ukali hausaidii kitu, maana wanaotuudhi leo hawatarudi kesho. Tulichagua kipande ambacho nyasi zilikwisha kufa, tukamwaga kokoto, na kila mwenye shughuli huombwa aweke kijana wa kuelekeza magari huko. Wenyeji walikuwa wagumu zaidi. Jirani mmoja alikubali tu baada ya kuonyeshwa jinsi maji yalivyokuwa yakielekea kwenye msingi wa ukuta wake mwenyewe.

Mawe yalifuata baadaye, na hapa pana tahadhari. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi ulio kando ya barabara, si mali ya mwenye nyumba, hata kama ndiye anayeimwagilia, kwa hiyo muoneni kwanza mtendaji wa mtaa awaelekeze kwa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini. Mawe yawe makubwa, yapakwe chokaa na yakae mbali na njia, kwani jiwe dogo lisiloonekana usiku litamwangusha mwendesha bodaboda. Yasizibe mtaro wala kufunika mita ya maji. Kutoa upepo kwenye matairi ya mtu, jambo ambalo baadhi ya vijana wetu walilipendekeza kwa shauku kubwa, ni kujitafutia kesi polisi.

Sehemu iliyookolewa isipandwe kabla ya kutifuliwa. Subirini mvua mbili tatu zilainishe ardhi, mtumie mtaimbo au sururu kuvunja tabaka gumu, mchanganye samadi iliyooza vizuri, kisha mpande vipandikizi vya ukoka Desemba au Januari. Mpaka mizizi ishike, zungushieni kamba, kwa sababu udongo uliolowa hushindiliwa vibaya zaidi kuliko mkavu.