Geuza mfuko kabla ya kumlisha mtoto wa mbwa mdogo

Juzi jioni nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Bagamoyo. "Shikamoo dada," aliandika, "nimeletewa mtoto wa mbwa aina ya Pomeranian, ana wiki tisa, na dukani nimekuta chakula hiki kikavu. Je, kinamfaa?" Chini yake aliambatanisha picha ya mfuko unaong'aa, wenye mbwa mkubwa anayekimbia majanini. Marahaba, mdogo wangu. Ningeweza kukujibu kwa neno moja, lakini swali lako limenikuta katika wiki ambayo mbwa wangu, Tui, ametimiza mwaka mmoja, amepimwa na kukutwa na kilo 3.1, na daktari wa mifugo amenipa mkono wa pongezi. Mtu aliyeniona mwaka jana nikilia ndani ya bajaji, nikiwa nimemzungushia mbwa huyo huyo kanga, ataelewa kwa nini jibu langu ni refu.

Tui ni Maltese, aina ya mbwa wadogo kama Pomeranian wako. Binti yangu alipomwona kwa mara ya kwanza alisema ni mweupe kama tui la nazi, na jina likakaa. Nilimnunua kwa mtu wa Dar es Salaam, akaletwa Tanga kwa basi ndani ya kikapu, na muuzaji aliniapia kwamba ana wiki nane kamili. Baadaye daktari alimfungua kinywa, akayatazama meno ya nyuma yaliyokuwa bado yanachomoza, akaniambia kwamba mtoto huyu hakuwa amevuka wiki sita. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nililipa fedha nzuri na kuletewa mtoto ambaye alipaswa kuwa bado anasogea kwa mama yake kunyonya.

Nami sikuwa na ujuzi wowote. Nimekulia Ngamiani, hapa Tanga, ambako mbwa niliowajua walikuwa wa walinzi, wakila ugali uliobaki, vichwa vya samaki na chochote walichookota jalalani. Nilijiambia kwamba mbwa wangu hatalelewa hivyo, kwamba atakula chakula cha dukani kama mbwa wa watu wanaojua mambo. Nikaenda kwenye duka moja la dawa za mifugo, nikakuta gunia la kilo 20 limekatwa mdomo, kopo la kupimia limechomekwa ndani, na vumbi la barabarani linaingia kadiri linavyotaka. Nikauliza kama chakula hicho kinamfaa mtoto. "Mbwa ni mbwa, dada," muuzaji alinijibu. "Wote wanakula hiki." Akanipimia kilo mbili katika mfuko wa karatasi usio na maandishi yoyote, nami nikarudi nyumbani nikijiona mlezi bora kuliko wote katika mtaa.

Punje zile zilikuwa na ukubwa wa kokwa la tende, na ngumu vivyo hivyo. Tui alizilamba, akazisukuma kwa pua hadi zikajificha chini ya kabati, kisha akalala. Nilidhani anadeka. Nilikuwa nikimwekea chakula mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, kwa hoja kwamba mbwa wa jirani hula mara moja tu na bado anabweka hadi alfajiri.

Siku ya nne, Jumamosi, saa tano asubuhi, nilikuwa nikipepeta mchele uani nilipomwona akitembea upande upande kama mlevi. Miguu ya nyuma ilikunjika, akaketi, kisha kichwa kikashuka taratibu mpaka pua ikagusa sakafu. Nilipomfunua mdomo niliona ufizi umepauka, na nilipougusa ulikuwa wa baridi. Nikampigia simu daktari, naye hakuniuliza maswali mengi: "Mpake asali kwenye ufizi kwa kidole. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Kisha mlete sasa hivi." Sikuwa na asali. Aliyenipa ni jirani yangu, bi mkubwa mcha Mungu ambaye kwa imani yake hamgusi mbwa kabisa, na ambaye tangu Tui afike alikuwa ameniomba kwa upole nimzuie asivuke ua. Alinyoosha mkono juu ya ukuta, akanipa chupa nzima, akasema nisiirudishe.

Nilimpaka asali mara tatu tukiwa ndani ya bajaji. Tulipofika kwa daktari, Chumbageni, alikuwa ameanza kuinua kichwa. Mizani ilionyesha gramu 700. Daktari alimwekea maji yenye glukosi kwenye mshipa mwembamba kama uzi, na wakati tukisubiri alinieleza jambo ambalo muuzaji wa duka na muuzaji wa mbwa hawakunieleza. Mtoto wa mbwa wa aina ndogo ana ini dogo na misuli kidogo, kwa hiyo hana mahali pa kuhifadhi sukari ya kutosha. Akikaa saa nyingi bila kula, sukari ya damu hushuka na ubongo hukosa nguvu. Ndiyo maana hulishwa mara tatu au nne kwa siku katika miezi yake ya mwanzo. Kisha akauliza anakula nini. Nilitoa mfuko wangu wa karatasi kwenye mkoba. Akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, akaniuliza, "Maandishi yako wapi?"

Swali hilo, mdogo wangu, ndilo somo lote. Upande wa mbele wa mfuko umetengenezwa ili ununue, na chakula chenyewe kimeelezwa nyuma, kwa herufi ndogo. Cha kwanza kutafuta huko nyuma si jina la nyama bali ni sentensi inayosema chakula kinakidhi mahitaji ya hatua gani ya maisha. Inapaswa kutaja ukuaji, au hatua zote za maisha. Ikitaja mbwa wazima pekee, kirudishe rafuni, hata kama picha ya mbele ni ya mtoto. Mifuko mingi inayotufikia hutaja viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo nchini Marekani. Chama hicho hakiidhinishi bidhaa yoyote, ila huweka viwango ambavyo watengenezaji huvifuata. Kwa mbwa anayekua kiwango cha chini ni protini asilimia 22.5 na mafuta asilimia 8.5, wakati kwa mbwa mzima ni 18 na 5.5 tu. Kalsiamu ya mtoto haipaswi kupungua asilimia 1.2, na ya mzima ni 0.5. Hapo utaona ni kwa nini kauli ya kwamba mbwa ni mbwa haina ukweli.

Kuna mtego katika namba hizo ambao mimi mwenyewe niliuingia mara ya pili, nikiwa tayari najiona msomi. Viwango nilivyovitaja huhesabiwa baada ya kuondoa maji, lakini lebo huhesabu chakula kikiwa na maji yake, ambayo katika chakula kikavu huwa kama asilimia 10. Kwa hiyo lebo ikisema protini ni asilimia 28, gawanya kwa 0.9, utapata takriban 31, na hiyo ni nzuri. Ikisema 20, utapata 22.2, ambayo haijafika. Nilikuwa nimenunua mfuko wa namna hiyo kwa sababu ulikuwa na bei ya chini, na nilijivuna kwa binti yangu kuwa nimebana matumizi. Binti ndiye aliyechukua kikokotoo na kunionyesha kosa. Sikufurahi, lakini nilimpa mbwa wa mlinzi mfuko ule.

Orodha ya viambato nayo hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Napenda kuona kuku, samaki au nyama nyingine ikitangulia, ingawa nyama mbichi hutangulia kwa urahisi kwa kuwa imejaa maji. Sina ugomvi na mchele wala mahindi yakifuata. Ninagombana na mfuko usiosema ni nyama ya mnyama gani.

Baada ya lebo, tazama punje yenyewe. Meno ya utoto ni membamba kama sindano, na taya la Pomeranian halifanani na la mbwa wa polisi. Chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya mbwa wa umbo dogo huwa na punje zisizozidi sana ukubwa wa punje ya mbaazi au choroko kubwa, na hubeba nguvu nyingi katika kiasi kidogo, kwa sababu tumbo ni dogo na mahitaji ni makubwa. Daktari alinikokotolea mbele yangu: mtoto wa kilo moja, aliye chini ya miezi minne, anahitaji takriban kalori 210 kwa siku, ambazo kwa kila kilo ya mwili ni karibu mara nne ya zile za mbwa mzima wa kilo 20. Chakula chenye kalori 380 katika gramu 100 kitamtosha kwa gramu 55. Zigawanye mara nne na utapata gramu 14 kwa mlo, ambazo nyumbani kwangu ni zaidi kidogo ya nusu ya kikombe cha kahawa. Wiki za mwanzo nilizilowesha punje kwa maji ya uvuguvugu hadi zikawa laini, na zilizobaki nilizitupa baada ya saa moja, kwa sababu joto la Tanga halisubiri. Usiloweshe kwa maziwa ya ng'ombe. Nilijaribu, nikafua matambara siku mbili.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonitoa hofu ya bei. Watu huona mfuko mdogo wa chakula kizuri, wakalinganisha na gunia, wakasema ni anasa. Mfuko wa kilo 1.5 unamtosha mtoto wa kilo moja karibu siku 27.

Na hapa Pwani mfuko mdogo una faida nyingine, ambayo jirani yangu wa asali aliijua kabla yangu, kwa kuwa huhifadhi unga. Unyevu wetu huingia kila mahali. Chakula kilichofunguliwa huanza kunuka mafuta yaliyochacha, kisha huota ukungu, na ukungu wa nafaka unaweza kuzalisha sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Ini la mnyama wa gramu 700 litaihimili vipi? Ninakiacha chakula ndani ya mfuko wake wa awali, nikiwa nimekunja mdomo, kisha naweka mfuko mzima ndani ya debe lenye mfuniko, mbali na jua na jiko. Nisipokimaliza kwa wiki sita, hakiliwi tena. Kwa sababu hiyo hiyo sinunui tena chakula cha kupimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi, hata muuzaji akiniita mpwa wake.

Ukibadilisha chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku saba hadi kumi, ukiongeza kipya kidogo kidogo. Usiongeze vidonge vya kalsiamu juu ya chakula kilichokamilika, na mifupa ya kuku iliyopikwa iache, kwa maana huvunjika vipande vyenye ncha. Mbwa wa umbo dogo hukua upesi, hivyo akifika miezi kumi hadi kumi na miwili utamhamishia chakula cha wazima. Tui anahamishwa wiki hii.

Niseme na hili, ingawa hukuliuliza. Siku hizi watu wananunua mbwa hawa ili wapige nao picha ufukweni Raskazone, na wakiulizwa wanawalisha nini hujibu kwamba msichana wa kazi ndiye anayejua. Wanajua rangi ya mkufu wa mbwa wao lakini hawajawahi kumpima uzito. Nilikuwa mmoja wao kwa siku nne, na siku nne zilikaribia kutosha. Mnyama huyu hana uwezo wa kwenda jalalani kujitafutia kama mbwa wa zamani wa Ngamiani. Atakula kile utakachomwekea, au atalala na njaa chini ya kabati lako.

Sasa, mdogo wangu wa Bagamoyo, picha uliyonitumia inaonyesha mbele ya mfuko pekee. Ugeuze, upige picha nyuma mahali palipo na asilimia na mahali palipotajwa hatua ya maisha, uweke punje tatu kando ya sarafu ili nione ukubwa wake, kisha unitumie. Nitakujibu leo saa mbili usiku, nikishamlisha Tui.