Bomba la maji si usukani: maswali yenu ya wiki hii

Wiki mbili zilizopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba nimebadili usukani wa Honda CG125 yangu ya zamani. Mstari huo umeniletea maswali mengi kuliko makala nzima niliyoandika kuhusu oili. Kumbe pikipiki za wazee bado zipo nyingi, zimefunikwa turubai uani zikisubiri mtu. Haya, tuanze.

Fundi, shikamoo. Marehemu baba aliniachia CG125. Usukani umepinda upande wa kushoto tangu alipoanguka nayo Kisesa. Fundi wa hapa anasema atauchoma moto aunyooshe. Nimruhusu? (Msomaji, Igoma)

Marahaba. Usimruhusu, ila kabla ya kununua mwingine hakikisha kweli umepinda. Pikipiki ikianguka, mara nyingi kinachohama ni shokapu za mbele ndani ya vibano vyake: gurudumu linatazama mbele, usukani unatazama pembeni, na mwenye pikipiki anaulaumu usukani. Simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu kwa magoti, kisha tazama kama sahani ya juu, ile inayoshika shokapu, imekaa sambamba na ekseli. Kama imejipinda, legeza boliti za shokapu na za gurudumu, irudishe kwa mikono, kaza upya. Hiyo ni kazi ya nusu saa na huhitaji kununua chochote.

Kama usukani wenyewe ndio umepinda, mwache huyo fundi apumzike. Chuma kilichokunjika kwa ajali kimeshachoka pale kilipokunjika. Ukikinyoosha unakichosha mara ya pili palepale, na moto unakiondolea hata ugumu kiliotoka nao kiwandani. Ufa huanzia pembezoni mwa kibano au kwenye kona, na hautapiga kelele kukuonya. Futa mafuta kwa kitambaa, pitisha ukucha taratibu. Ukiona kamstari kembamba ka kutu kasikofutika, usiipande hiyo pikipiki hata kwenda dukani. Usukani wa mzee utundike ukutani, ni kumbukumbu nzuri.

Kijana wa kuchomelea mtaani kwetu anakunja usukani kwa bomba la maji la nusu inchi. Bei yake haifiki nusu ya bei ya dukani, na kwa macho ni uleule tu. Tatizo liko wapi? (Msomaji, Nyakato)

Tatizo liko kwenye namba, na mimi nililijua kwa kuumia. Bomba la "nusu inchi" halina nusu inchi popote unapoligusa. Hilo ni jina la biashara. Kipenyo chake cha nje ni milimita 21.3. Usukani wa pikipiki nyingi za Kijapani, pale unapokamatwa na vibano, ni milimita 22.2, yaani inchi 7/8. Tofauti haifiki hata milimita moja, ndiyo maana macho yanadanganyika. Vibano havidanganyiki.

Karakana niliyokwenda siitaji. Fundi alikaza mpaka boliti zikalia, na usukani bado ukawa unazunguka. Akakata kopo la soda, akalizungushia katikati, akakaza tena, safari hii ukatulia. Nikamlipa na kumshukuru. Nikiteremka Bugarika mtoto akavuka na baiskeli, nikashika breki ya mbele kwa nguvu. Usukani wote ukainama mbele kama mtu anayesujudu, leva zikagonga taa. Kilichoniokoa ni breki ya nyuma na rundo la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga.

Nilipoulinganisha na wa kiwandani ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani: katikati, pale vibano vinaposhika, usukani halisi umechongwa vijimeno vidogo kama vya tupa ili usizunguke. Bomba la maji ni laini kama kioo. Na usifikiri utapona kwa kupanda saizi, maana la robo tatu lina milimita 26.9 na halitaingia kabisa. Mwache kijana akunje mageti.

Niko Nansio. Nina Yamaha DT ya miaka ya 1970. Usukani wake haupatikani, ila madukani Mwanza kuna sukani za hizi Toyo za sasa. Utaingia? Nisije nikavuka maji bure. (Msomaji, Ukerewe)

Kwenye vibano, utaingia. Toyo na ndugu zake za Kichina zimerithi kipimo kilekile cha Wajapani. Ambao wangepata shida ni wenye Harley-Davidson, kwa sababu zile zinatumia inchi moja kamili, na sijaona nyingi zikishuka kwenye meli Nansio.

Kuingia ni jambo moja, kukufaa ni lingine. Kabla hujavuka, fungua usukani wa zamani, ulaze sakafuni, uchukue vipimo vitatu: upana kutoka ncha hadi ncha, kimo kutoka pale unapokamatwa hadi pale mikono inaposhika, na umbali ambao ncha zinarudi nyuma kumfuata mwendeshaji. Andika kwenye karatasi na uje na futi kamba. Ukizidi kimo kwa sentimita tatu au nne, nyaya zako zitalia. Ukipungua sana, vidole gumba vitabanwa kwenye tenki ukikata kona kali.

Halafu kuna kijipini ndani ya swichi za taa ambacho hukaa kwenye tundu la usukani. Usukani mpya huenda usiwe nalo, au likawa mahali pengine. Wengine hukata pini, na swichi huanza kuzunguka na mkono. Afadhali utoboe kitundu kidogo kinachotosha pini hiyo tu, baada ya kukaa juu ya pikipiki na kuona swichi inapenda kukaa wapi.

Siku ya kufunga, tazama vibano. Kama vina nukta iliyogongwa, kama zilivyo Honda nyingi, nukta itazame mbele. Kaza boliti za mbele mpaka zishibe, kisha za nyuma. Uwazi mdogo utakaobaki nyuma ndivyo inavyotakiwa. Usiuzibe kwa kulazimisha, utakata boliti.

Nimefunga usukani mrefu kwenda juu. Nikikata kona ya kushoto injini inapandisha resi yenyewe. Nimeambiwa nisafishe kabureta. (Msomaji, Buzuruga)

Kabureta iache, haina kosa. Waya wa eksileta ni mfupi, au umebanwa kati ya tenki na shingo ya fremu. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuguswa eksileta, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mlio ukibadilika, usitoke hapo. Pikipiki inayoongeza mwendo katikati ya kona ya Mabatini itakuzika.

Anza na njia ya waya, maana mara nyingi kuupitisha upande wa pili wa shingo kunamaliza kesi. Ukiwa bado mfupi, tengenezesha mwingine. Mafundi bati wa Makoroboi, mtaa wenye jina la taa za koroboi, wanaijua lehemu kuliko mafundi wengi wa pikipiki. Nimekaa na mmoja nikimtazama. Alipitisha waya kwenye kichwa cha shaba, akafumua nyuzi za mwisho zikachanua kama ufagio, akazirudisha ndani ya kichwa, kisha akachovya vyote kwenye kikopo cha lehemu iliyoyeyuka na kuhesabu kimyakimya. Kilipotoka kilikuwa kitu kimoja. Huo ufagio ndio siri yenyewe: bila kuchanua, nyuzi zitateleza siku moja. Vile vichwa vya kubana kwa skrubu ni vya kukufikisha nyumbani tu.

Waya wa breki ya baiskeli unaweza kufaa kwa eksileta, kwa klachi ni mwembamba mno. Ukimaliza, acha ulegevu: mkono wa eksileta uzunguke milimita 2 hadi 6 kabla haujavuta chochote, na ncha ya leva ya klachi icheze milimita 10 hadi 20.

Usukani mpya, rangi nyeusi safi kabisa. Honi imekufa. (Msomaji, Kirumba)

Rangi hiyohiyo ndiyo iliyoiua. Kwenye pikipiki nyingi za zamani kitufe cha honi kinapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi, kupitia chuma cha usukani, na wewe umekivalisha koti. Chukua kipande cha waya, gusisha bodi ya swichi na fremu, kisha bonyeza. Ikilia, kwangua rangi kwa msasa pale swichi inapobana, au vuta waya wa ethi mpaka kwenye fremu. Mimi ningevuta waya. Palipokwanguliwa huota kutu mapema, hasa kama unabeba dagaa wa chumvi kutoka Mwaloni.

Nataka usukani wa chini ule wa mashindano. (Msomaji, Nyegezi)

Unabeba abiria? Basi hapana. Hubebi? Jaribu kwanza ulionyooka, ushuke sentimita tano, uendeshe mwezi mzima kwenye barabara zetu za mawe, kisha uulize viganja vyako.

Raba za mkononi zinagoma kuingia. (Msomaji, Ilemela)

Maji ya sabuni, kisha uziache zikauke usiku kucha. Petroli na oili hapana. Hakikisha hujazibadilisha, maana ya kulia ina tundu kubwa zaidi kwa kuwa inavaa juu ya bomba la eksileta. Hiyo ya kulia isiguse mwisho wa usukani. Ukiachia, eksileta irudi yenyewe kwa kishindo.

Tangu nibadili usukani, pikipiki inatikisa kichwa nikiwa juu ya Daraja la Kigongo–Busisi. Ni upepo? (Msomaji, Sengerema)

Upepo wa ziwa upo, na kilomita tatu ni nyingi kwa mtu aliyekaa wima kama tanga. Usukani mpana unakufungua kifua, unaupokea upepo wote na kuupeleka mikononi. Lakini upepo peke yake husukuma tu. Pikipiki ikitikisa kichwa, mimi naangalia shingo kwanza.

Weka kreti la soda chini ya injini mpaka gurudumu la mbele lining'inie. Geuza usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukihisi unapenda kutulia katikati, kama mlango wenye kikomeo, gololi za shingo zimeshachimba vikombe zinamozunguka, na usukani mpya umekufichulia tu ugonjwa wa siku nyingi. Badilisha gololi pamoja na vikombe, tia grisi ya kutosha, kaza mpaka mchezo uishe lakini gurudumu liendelee kuanguka lenyewe kila upande.

Na kabla ya kufungua, tandika shuka jeupe chini, kwa sababu kwenye pikipiki hizi za zamani gololi zimelala huru, hazina kishikizo. Mbili zangu ziliingia kwenye ufa wa mwamba pale uani kwangu, na mpaka leo zimo humo.