Makanisa yakitaka kudai haki pamoja, yaanze na dai moja

Mwaka 1999 nilikuwa katibu wa kamati ya makanisa ya mtaani kwetu, Mwanza. Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, Wamoraviani na AIC (Africa Inland Church) tulikuwa tunakusanya sahihi za kampeni ya Jubilee 2000, iliyotaka nchi maskini zifutiwe madeni. Kikao cha kwanza kiliishia kwenye neno moja la tangazo. Tuandike "yubile" kama ilivyo katika Mambo ya Walawi 25, au "Jubilei" kama Wakatoliki walivyozoea kusema? Kikao cha pili wajumbe wawili hawakuonekana.

Vijana wakiniuliza leo waanzie wapi, nawajibu: anzeni na dai. Dai liwe moja, liandikike kwa mstari mmoja, na litaje nani afanye nini. Sisi tulipona siku mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliposimama na kusema mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule ya msingi, kisha akauliza hilo deni la taifa lilimnunulia yeye kitu gani. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshauliza zamani kama ni lazima watoto wetu wafe njaa ili madeni yalipwe. Sasa swali lilikuwa limeketi nasi kwenye benchi. Ubishi wa yubile haukurudi tena. Jumapili iliyofuata karatasi zilipita kwenye sharika na parokia zote, na wasiojua kuandika waliweka dole gumba.

Jambo la pili nililojifunza ni kugawana kazi. Makanisa ya nchi zinazodai yana kura na wabunge. Sisi tuna ushuhuda. Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya jiji la Birmingham, Uingereza, wakuu wa G8, kundi la nchi nane zenye nguvu kiuchumi, walipokutana huko. Mwaka uliofuata wakuu hao walikuwa wanakwenda Köln, Ujerumani, na usharika wetu ulikuwa na marafiki nchini humo, waliozoea kupokea barua zetu za kuomba bati. Safari hii tuliwaandikia habari za yule mtoto. Waliisoma barua ibadani.

Juni 1999, Köln, G8 walikubali msamaha mpana zaidi wa madeni. Sahihi za dunia nzima zilifika milioni 24. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ilifutwa Tanzania, na Novemba mwaka huohuo nchi ikafika hatua ya mwisho ya HIPC, mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zenye madeni makubwa. Mwana wa yule mama alirudi darasani.

Kuhusu fedha nitasema wazi, maana kamati nyingine niliyokuwamo ilifia hapo. Msaada uliingia kwenye akaunti ya kanisa moja, hesabu hazikusomwa, na imani ikaondoka. Mwenyekiti na mtunza hazina watoke makanisa tofauti, na mapato yasomwe kila kikao, hata kama ni nauli tu. Barua nayo iende na mihuri ya makanisa yote. Ukikosekana mmoja, isubiri. Na kama mna Wasabato, msikutane Jumamosi.

Deni la leo si lile la 1999. Wakati ule wadai wakubwa walikuwa serikali, Benki ya Dunia na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Sasa wako pia China na wawekezaji binafsi walionunua hatifungani, yaani hati ambazo serikali huuza ili kukopa. Zambia ilishindwa kulipa Novemba 2020, na makubaliano na serikali zinazoidai yalipatikana Juni 2023 tu. Wenye hatifungani walifuata mwaka 2024. Hatifungani nyingi ambazo serikali za Afrika huuza nje ziko chini ya sheria za Uingereza au za jimbo la New York. Papa Fransisko aliomba nchi tajiri zisamehe madeni katika Jubilei ya 2025, mwaka mtakatifu wa Kanisa Katoliki, nami naunga mkono kwa moyo wote, ila ombi hilo sasa lazima lifike pia kwa wabunge wa London na wa New York, na watakaolifikisha ni waumini wanaowapigia kura.

Kwa hiyo tumeanza kuziandikia parokia na sharika rafiki za huko. Ukurasa wa kwanza tumeorodhesha zahanati za kata yetu, na mbele ya kila moja dawa zilizokosekana mwezi uliopita.