Basi hili si basi lile

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma kidato cha tatu hapa Mwandiga. Mjomba wangu anapiga debe stendi ya Masanga, naye anashikilia kwamba basi la abiria limeitwa hivyo kwa kuwa likijaa konda anasema "basi!" Nilicheka, lakini sikuwa na la kumjibu. Neno hili limetoka wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba msalimie sana, ila mwambie mimi nimepanda mengi yaliyojaa na sijasikia konda akisema basi.

Basi la kupanda ni bus ya Waingereza, nao waliikata kutoka neno refu, omnibus. Ni Kilatini, maana yake "kwa ajili ya wote". Mwaka 1826 huko Nantes, Ufaransa, Stanislas Baudry alikuwa na hamamu, yaani nyumba ya kuogea kwa kulipia, pembeni mwa mji, akaweka magari ya farasi ya kupeleka wateja wake. Kumbe watu wanapanda na kushukia njiani, hamamuni hawafiki! Akaona kumbe hela iko kwenye nauli, na magari hayo ndiyo yakaitwa omnibus. Tarehe 4 Julai 1829 George Shillibeer akaanzisha gari kama hilo London, kutoka Paddington hadi Bank: farasi watatu, abiria 22. Haikuchukua miaka mingi, Waingereza wakachoka na silabi tatu, wakabakiza ya mwisho.

Sasa hapo ndipo penye utamu. Katika omnibus, "wote" wako kwenye omni. Hiyo bus ni kiambishi cha mwisho tu, kinachobeba ile "kwa ajili ya". Ni kama sisi tuchukue nyumbani, tutupe nyumba, tubaki na "ni", kisha tuseme tumepanda ni kwenda Kasulu. Wenyewe wala hawashtuki.

Basi ya "yatosha" ni mgeni mwingine kabisa, na pwani ilifika kabla ya gari lolote. Asili yake ni Kiajemi, bas, yaani inatosha. Wahindi wanalo neno hilo, Waarabu wanalo mdomoni kutwa. Kwetu limezaa: basi twende, basi tena, ndiyo basi. Ukitaka kuyatenganisha, angalia ngeli. La kupanda lina wingi, mabasi yameharibika. Hilo jingine halina wingi wala haliharibiki.

Tatizo ni pale yanapokutana stendi. Kabla sijashika chaki nilikuwa utingo wa gari la Kasulu. Siku moja tunarudi nyuma pale sokoni, mimi napiga bodi kwa kiganja: "Rudi, rudi, njoo, njoo..." Zimebaki kama hatua nne. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake akaliona gari, akapiga kelele kwa furaha: "Basi! Basi!" Dereva akakanyaga breki. Mlangoni palikuwa na ndoo ya mawese ya mama mmoja, imefunikwa kwa jani la mgomba tu. Ikalala. Mawese yakashuka ngazi zote mbili kabla ya abiria, na posho yangu ya siku ile ikaishia kwenye ndoo ya yule mama. Hadi leo nikipanda gari naangalia ndoo kwanza, siti baadaye.

SWALI: Mwalimu, je, konda ameitwa konda kwa sababu anakonda kwa kukimbizana na gari? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Hapana, bwana. Ni kondakta aliyekatwa mkia, na mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini cha kuongoza. Wa haisi za Ujiji ninaopanda mimi wana vitambi.